KUHUKUMU MCHEZO NA KUHUKUMU MOYO



Ukifika mwezi wa Juni, katika nyumba nyingi za mwambao wetu wako vijana wanaolala mapema bila ya kusukumwa. Usidhani wameshika utiifu. Wanaivizia saa tisa ya usiku. Saa hiyo kwetu ni kimya, lakini huko Marekani ndiyo kwanza usiku unaingia, na fainali za ligi kuu ya mpira wa kikapu, iitwayo NBA, ndipo zinapochezwa. Vijana huamka, hutazama, na wakisha kutazama hawalali tena mpaka sala ya alfajiri. Baada ya sala huketi barazani wakaanza mchezo wa pili, ambao kwao pengine ni mtamu kuliko ule wa kwanza. Mchezo huo ni mabishano. Nani bora wa wote? Kocha gani kakosea? Nani kajificha siku ya mechi kubwa?

Nilikuwa mgeni nyumbani kwa dada yangu, Tanga, katika siku kama hizo, na chumba nilicholala kilipakana na baraza. Nikawasikia wapwa zangu na wenzao. Mabishano yalianza vizuri, hata nikatamani kutoka nikaongeze langu. Mara yakageuka. Mmoja alimtaja Hasheem Thabeet, yule kijana mrefu wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Basi maneno yakawa: mvivu, mwoga, alikwenda kula pesa tu, alituaibisha. Kila mmoja akatia lake, na kila neno likapokewa kwa kicheko.

Mama yetu, ambaye ndiye bibi yao, alikuwa akipita na birika la chai. Hajapata kuutazama mpira huo, wala hajui kikapu chake kikoje. Akasimama akauliza: "Huyo mnayemsema ni mwana wa nani?" Wakamwambia, "Wa kwetu, Bibi, wa Dar es Salaam." Akasema, "Na moyo wake nyinyi mliuona wapi?" Hakungoja jibu, akapita na chai yake.

Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

HAKI YA MTAZAMAJI NA MPAKA WAKE

Kwanza nisieleweke vibaya. Sisemi vijana wanyamaze. Mchezaji wa kulipwa anacheza mbele ya watu na anapokea ujira kwa mchezo huo, na mtazamaji ana haki ya kuupima. Kupima ni kazi ya akili, nayo hunoa akili. Kijana anayeweza kueleza kwa nini timu fulani ilishindwa robo ya nne, akataja sababu zake moja baada ya moja, amejifunza jambo litakalomfaa hata mbali na mpira.

Lakini kila haki ina mpaka. Mwenye kununua samaki sokoni ana haki ya kusema samaki huyu ameharibika. Hana haki ya kusema kuwa mvuvi alikusudia kuwalisha watu sumu, ila awe na ushahidi. Samaki yuko mbele ya macho yake. Nia ya mvuvi haiko.

Na katika mchezo vilevile mna mambo matatu. Liko lililoonekana, liko lililohesabiwa, na liko lililofichika. Aghalabu ugomvi wa mashabiki hutokana na kuyachanganya matatu haya: mtu huanza na lililoonekana, akarukia lililohesabiwa, kisha akamalizia kwa lililofichika kama kwamba nalo aliliona. Ili tusibaki katika maneno ya jumla, nitachukua kisa kimoja ambacho mashabiki wa Marekani wamekibishania kwa zaidi ya miaka 50, tukipime pamoja.

MECHI YA TAREHE 5 MEI 1969

Siku hiyo, katika ukumbi wa Forum, jirani na Los Angeles, timu mbili zilikutana katika mechi ya saba, ambayo ndiyo ya kukata shauri la fainali. Upande mmoja walikuwa Lakers wa Los Angeles, na kati yao Wilt Chamberlain, pandikizi la mtu, ambaye mwaka 1962 alitia pointi 100 peke yake katika mechi moja. Upande wa pili walikuwa Celtics wa Boston, na kati yao Bill Russell, mchezaji na papo hapo kocha wa timu yake. Na hiyo ikawa mechi yake ya mwisho. Lakers walikuwa kwao. Mwenye timu alikwisha kutundika maputo darini yaangushwe mara tu ushindi utakapopatikana.

Celtics wakaongoza kwa pointi nyingi. Zilipobaki dakika kama tano na kitu, Chamberlain aliumia goti akaomba kutoka. Akaingia mahali pake Mel Counts. Lakers wakaanza kusogea, wakasogea, mpaka tofauti ikawa pointi 1 tu. Chamberlain akamwambia kocha wake, Butch van Breda Kolff, kwamba sasa anaweza kurudi. Kocha akakataa. Mechi ikikaribia kwisha, Don Nelson wa Celtics akarusha mpira, ukagonga chuma cha kikapu, ukaruka juu hewani, kisha ukashuka ukaingia. Celtics wakashinda kwa pointi 108 kwa 106. Maputo yakabaki darini.

Hapo ndipo mabishano yalipozaliwa, na yana milango mitatu: mlango wa kocha, mlango wa hesabu, na mlango wa moyo.

MLANGO WA KOCHA

Tuanze na kocha. Wengi humhukumu kwa neno moja: alishindwa, basi alikosea. Hiyo si hukumu, ni kusoma matokeo. Lau mpira ule wa Nelson ungalitoka nje, na Lakers wakatia kikapu kimoja zaidi, watu hao hao wangalimwita kocha shujaa, mtu asiyeogopa jina kubwa. Uamuzi ungalikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mruko wa mpira juu ya chuma, na mruko huo hakuna kocha aliyeumiliki.

Mwenye insafu huuliza: kocha alijua nini wakati ule? Alijua kuwa watano walio uwanjani ndio walioikaribisha timu. Alijua kuwa anayeomba kurudi ametoka punde tu kwa kuumia. Hizo ni hoja zake, na ni hoja nzito. Lakini alijua pia kuwa mtu aliyeketi benchi alikwisha kuidaka, usiku ule ule, mipira 27 iliyokosa kikapu, na kwamba dakika za mwisho mechi za namna ile hukatwa na yule anayeudaka mpira uliokosa. Kwa hiyo mimi naona alikosea. Sisemi alikosea kwa kuwa alishindwa; nasema angekuwa amekosea hata kama angeshinda.

Angalia, ndugu msomaji, hukumu hii yaweza kujibiwa. Mwengine ataniambia kuwa goti bovu halidaki mpira, na kwamba timu iliyokwisha kushikana haivunjwi. Tutabishana, na kila mmoja atafaidika. Ama yule asemaye kuwa kocha aliiacha timu ishindwe ili amkomoe Chamberlain, huyo hawezi kujibiwa, kwa sababu hakuleta kitu cha kupimwa. Ni kweli wawili hao walikuwa hawapatani, na hilo lajulikana. Lakini kutokupatana ni jambo moja. Kukubali kupoteza ubingwa ambao yeye mwenyewe kocha aliuhitaji kuliko mtu yeyote, ni jambo jengine. Baada ya msimu ule aliiacha timu. Asiyemtakia kheri angesema nini zaidi?

MLANGO WA HESABU

Tuje kwenye hesabu. Mashabiki wa Russell huhesabu vikombe: yeye alichukua ubingwa mara 11 katika misimu 13, na Chamberlain mara 2, mwaka 1967 na mwaka 1972. Mashabiki wa Chamberlain huhesabu pointi: katika msimu wa 1961–62 alipata wastani wa pointi 50 na zaidi kwa kila mechi, jambo ambalo Russell hakulikaribia. Kila kundi lina hesabu ya kweli, na kila kundi hudhani kuwa ukweli wa hesabu yake unaondoa hesabu ya mwenziwe.

Lakini ubingwa ni wa timu. Russell alikuwa na Bob Cousy, na Sam Jones, na John Havlicek, na kwa miaka mingi alikuwa chini ya kocha Red Auerbach. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Mwenye kulinganisha vikombe vya timu na mtu mmoja ni kama aliyelinganisha nyumba na ukuta.

Hata hivyo, wanaompenda Russell wana haki katika jambo ambalo wengi hawalijui. Kazi yake kubwa ilikuwa kuuzuia mpira hewani kabla haujafika kikapuni. Na NBA ilianza kuiandika rasmi mipira inayozuiwa katika msimu wa 1973–74. Russell alikwisha kustaafu mwaka 1969, na Chamberlain alimaliza mwaka 1973. Kwa hiyo kazi iliyompa Russell jina haikupata kuandikwa katika daftari rasmi hata mara moja, na ya Chamberlain vilevile, naye alikuwa mzuiaji hodari. Fikiri jambo hili. Twafungua daftari, twaona mahali patupu, kisha twasema: hapa hapakuwa na kitu. La! Hapakuwa na mwandishi. Kisichoandikwa si kwamba hakikuwapo.

Na mtazame Jerry West, aliyekuwa katika timu ya Lakers siku ile. Katika mechi hiyo moja alitia pointi 42, akadaka mipira 13 iliyokosa kikapu, na akawapa wenzake pasi 12 zilizozaa vikapu. Akashindwa. Ukihesabu vikombe, West ni mtu wa fainali 9 aliyeshinda 1 tu. Lakini mwaka huo wa 1969 walipomchagua mchezaji bora wa fainali, walimchagua yeye, aliye katika timu iliyoshindwa. Basi hata waliokuwapo waliona kuwa kushindwa kwa timu si ushahidi wa udhaifu wa mtu.

MLANGO WA MOYO

Sasa tufike mlango wa tatu, ambao ndio niliokusudia tangu mwanzo.

Baada ya mechi ile, watu walianza kunong'ona: je, goti lilimuuma kweli? Au alikimbia lawama ya kushindwa? Minong'ono ya mashabiki ni kama mawimbi ya ufukweni, huja na kuondoka. Lakini mwaka ule ule neno lilitoka katika kinywa cha Bill Russell mwenyewe. Mbele ya wanafunzi wa chuo, alisema maneno yenye maana kwamba Chamberlain hakupaswa kutoka na kwamba aliikwepa mechi. Neno hilo likaenea nchi nzima.

Wawili hawa hawakuwa maadui. Walishindana uwanjani tangu mwaka 1959, na nje ya uwanja walikuwa marafiki. Russell alipata kula nyumbani kwa kina Chamberlain, Philadelphia, siku ya sikukuu, kama mmoja wa jamaa. Baada ya neno lile, kwa zaidi ya miaka 20, hawakusemezana.

Mwezi wa Novemba 1969, miezi michache tu baada ya fainali ile, kano ya goti la Chamberlain ilikatika, ikabidi apasuliwe, na akakosa mechi nyingi za msimu. Sisemi kuwa jeraha hili ni ushahidi wa lile la Mei. Huo nao ungekuwa ni upesi wa kuhukumu. Nasema tu kwamba ndani ya mguu wa mtu mna mambo ambayo hata aliye karibu naye hayaoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Baadaye Russell alikiri kuwa alikosea, akamwomba radhi mwenziwe, na wakapatana. Chamberlain alipofariki mwezi wa Oktoba 1999, Russell alikuwa miongoni mwa waliosimama kumzungumzia katika ibada ya kumkumbuka. Kheri hiyo. Lakini ile miaka 20 nani wa kuirudisha?

Basi pima mwenyewe, ndugu msomaji. Huyu alikuwa Bill Russell, bingwa mara 11, aliyeujua mchezo huo kuliko takriban kila mtu aliye hai wakati ule. Alikuwa uwanjani, hatua chache kutoka kwa mtu anayemsema. Alimjua miaka 10, amekula naye meza moja. Pamoja na yote hayo, alipouhukumu moyo, alikosea. Je, wewe na mimi, tulio Tanga au Mombasa au Unguja, tunaotazama katika simu iliyo sawa na kiganja, sisi moyo tumeuona kwa njia gani?

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitaki kuwasema Wamarekani nikajiacha. Miaka mingi nyuma, mtaani petu palikuwa na kijana mlinda mlango wa timu ya mtaa. Siku ya fainali, jioni, giza likianza kuingia, mpira mwepesi ulimpita. Kila mtu aliuona ule mpira. Ulikuwa wa kudakwa na mtoto. Nikasema barazani, na sauti yangu ikasikika, kuwa kijana huyu ameiuza mechi. Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na hasira, na ulimi hauna mfupa.

Miezi kadhaa baadaye alipelekwa hospitali, akaonekana ana ugonjwa wa macho, na hasa jua likizama haoni sawasawa. Mwenyewe alikuwa hajui. Alidhani watu wote huona vile. Nilikwenda kwao nikamwomba radhi, naye akanisamehe kwa maneno mazuri kuliko niliyostahiki. Lakini barazani hakurudi tena, na mpaka hii leo nikipita pale alipokuwa akikaa, najua ni nani aliyepafanya patupu.

ANAYESHINDA HUSADIKIWA

Pengine utasema: basi mtu akishinda ndipo ukweli wake hudhihiri. Nalo hili tulipime.

Hakeem Olajuwon ni mzaliwa wa Lagos, Nigeria, Mwislamu, aliyecheza miaka mingi katika timu ya Houston Rockets. Mwaka 1992 aliumia msuli wa paja. Yeye akasema hawezi kucheza. Timu yake ikadai kuwa anaweza ila hataki, ikamsimamisha. Mashabiki wakagawanyika, na wengi wakamwona mtu wa kutaka fedha tu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1994, alichaguliwa mchezaji bora wa msimu, na mlinzi bora, na mchezaji bora wa fainali, na timu ikatwaa ubingwa. Hakuna aliyepata kuyakusanya matatu hayo kwa msimu mmoja kabla yake. Mwezi wa Februari 1995 ulioangukia Ramadhani, akicheza hali amefunga, alitajwa mchezaji bora wa mwezi. Na mwaka huo timu yake, iliyoingia mechi za mchujo katika nafasi ya 6 upande wa magharibi, ikatwaa ubingwa mara ya pili.

Waliomshuku wakasema: kumbe alikuwa mkweli! Lakini hebu tuulize: ubingwa wa mwaka 1994 unathibitisha vipi maumivu ya paja la mwaka 1992? Hauthibitishi kitu. Lau angalishindwa mwaka 1994, paja lingalikuwa limeuma vile vile. Tulichofanya ni kumlipa mshindi kwa kumsadiki, na kumwadhibu mshinde kwa kumkadhibisha. Mshindi hata asipotoa udhuru hupewa. Mshinde hata akiapa hasikilizwi.

Kwa hiyo mtihani wa insafu yetu hauko kwa Olajuwon. Uko kwa yule ambaye hakushinda, wala hakupata siku ya kuwajibu waliomsema. Na huyo ndiye aliyesemwa barazani kwa dada yangu.

MTOTO WA DAR ES SALAAM

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenziwe wa Marekani wamekwisha kuucheza miaka mingi. Alifika Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, na katika kundi la vyuo liitwalo Big East akatajwa mlinzi bora mwaka 2008 na mara ya pili mwaka 2009. Urefu wake ni mita 2.21. Mwaka 2009, timu za NBA zilipoteua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchukua katika nafasi ya 2. Wa 3 alikuwa James Harden, na wa 7 alikuwa Stephen Curry. Wawili hao wakawa nyota wakubwa, Thabeet hakuwa. Hapo ndipo kejeli ilipoanza, na haijesha.

Tumpime kwa haki, bila ya kumwonea na bila ya kumpendelea kwa kuwa ni wetu. Katika vyuo alikuwa mrefu kuliko takriban wote, na kusimama kwake karibu na kikapu kulitosha. Katika NBA alikutana na wanaume wenye nguvu, wanaojua kumvuta mbali na kikapu. Huko miguu yake ilikuwa mizito, akachelewa, na aliyechelewa hupata faulo. Mikono yake haikuwa na mbinu nyingi za kutia vikapu. Alicheza mechi 224 mpaka mwaka 2014, kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Hayo yote ni ya kuonekana na ya kuhesabiwa, na mwenye kuyasema hajamwonea mtu. Kwa nafasi ya 2, hayo ni machache.

Lakini hesabu haijesha. Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol katika nafasi ile ile, ambaye mwaka 2013 alikuja kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Mchezaji mpya aliyechelewa kuuanza mchezo hujifunza kwa kucheza, na dakika za kucheza zilikwenda kwa Gasol, na ilikuwa haki ya Gasol. Katika mwaka wake wa kwanza wakampeleka ligi ya chini ya kukuzia wachezaji. Mwaka 2011 wakamhamishia timu nyengine, na baada ya hapo akahamishwa tena.

Tena, Thabeet hakujiteua. Walioteua ni wenye timu, kwa fedha zao na wataalamu wao. Na kama kumwacha Curry ni kosa, basi timu 5 zilikosa pamoja, na moja yao, Minnesota, ilimwacha mara mbili, katika nafasi ya 5 na ya 6. Curry mwenyewe miaka yake ya mwanzo aliumia kifundo cha mguu mara kwa mara; msimu wa 2011–12 alicheza mechi 26 tu, na walikuwapo waliomwona kioo cha kuvunjika. Yeye akaja akashinda, na maneno hayo yakasahauliwa.

Ama neno "mvivu", liko wapi katika hayo? Katika mechi ipi lilionekana? Katika daftari lipi lilihesabiwa? Mtu aliyeondoka kwao kijana, akaenda kucheza Marekani, na NBA ilipomfungia mlango akaendelea kucheza mpaka Japani na Taiwan, si rahisi kumwita mvivu. Lakini hata hilo sitalifanya ushahidi wa moyo wake. Nitasimama pale macho yangu yanapokoma.

MANENO YA BARAZANI HUINGIA NYUMBANI

Huenda ukaniuliza: yote haya kwa ajili ya mpira? La, ndugu msomaji. Mchezaji wa Marekani maneno yetu pengine hayamfikii. Ulimi lakini ni mmoja, hauna wa mpirani na wa nyumbani. Kijana aliyezoea kusema "kashindwa, basi ni mvivu" atakuja kulisema neno hilo kwa binamu yake aliyeanguka mtihani, naye hajui kuwa mwenzake alisoma kwa kibatari. Atalisema kwa jirani aliyefilisika dukani. Atalisema kwa binti aliyerudi kwao kutoka kwa mumewe, na hapo litavunja lisilotengenezeka. Katazo la dhana mbaya na la kuitana majina ya kejeli tumelisoma sote tangu chuoni. Twalikumbuka misibani na mawaidhani. Kwenye mpira twalisahau, tukidhani hapo si mahali pake.

Asubuhi ile nilitoka nikaketi na wapwa zangu, nikawaeleza kisa cha Russell na Chamberlain kama nilivyokueleza wewe. Mkubwa wao, ambaye ndiye aliyelianza neno, akaniuliza, "Basi, Mjomba, tuseme nini?" Nikamwambia: sema miguu ilikuwa mizito. Sema waliomteua walikosa. Sema kocha angempa dakika zaidi, au asingempa, na utoe sababu. Hayo sema mpaka jua lizame, nami nitabishana nawe.

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi mimi naona wangemwacha chuoni mwaka mmoja zaidi, ajifunze kutumia mikono." Mwenziwe akampinga papo hapo, kuwa chuoni asingekutana na wenye nguvu za kumfunza. Mabishano yakawaka upya, makali kuliko yale ya kwanza, na hapakuwa na tusi ndani yake. Mama akapita akirudi na birika tupu. Safari hii hakusimama.